Kikohozi cha Moshi si Uzee wala Uchawi

(Mazungumzo ya mganga wa zahanati na wanakisomo wa kijiji)

Leo tuzungumze juu ya mapafu yetu na moshi wa jikoni.

Mwanamke huanza kupika angali mtoto. Huinama juu ya mafiga asubuhi na jioni, mpaka anakuwa bibi. Jiko halina dirisha. Kuni ni mbichi. Moshi wote unaingia kifuani. Baada ya miaka mingi njia za hewa huvimba na kuwa nyembamba. Basi anakohoa kila asubuhi na kutoa makohozi. Akipanda kilima na ndoo ya maji, anahema. Watu wanasema, "Aa, huo ni uzee tu." Jamani, si uzee. Ni ugonjwa sugu wa mapafu. Mvuta sigara na mvuta kiko huupata pia.

Moshi huo huo hufanya macho yawe mekundu. Huko Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, kisa macho mekundu. Waliwapikia watoto na wajukuu miaka yote, na hayo ndiyo malipo yao! Ndugu zangu, macho hayo yameumizwa na moshi.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, twende zahanati. Anayekohoa wiki 2 au zaidi apimwe makohozi. Huenda ni kifua kikuu. Kifua kikuu huambukiza, lakini hupona. Dawa zake ni za bure. Kwa kawaida humezwa kwa miezi 6. Usiziache kwa sababu umepata nafuu. Lakini kikohozi cha moshi hakiambukizi. Kwa hiyo msimtenge mgonjwa.

Pili, tupunguze moshi. Toboeni madirisha mawili yanayotazamana, moshi upate njia. Kuni zipasuliwe, zianikwe mpaka zikauke. Maharage yalowekwe usiku, na sufuria ifunikwe, ili chakula kiive upesi. Wakati wa kiangazi pikeni nje. Mama, usipike huku umembeba mtoto mgongoni. Moshi humletea mtoto nimonia. Na mvuta tumbaku aache.

Tatu, mgonjwa ajifunze kupumua. Akizidiwa, akae na kuinama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti. Avute hewa kwa pua, polepole. Halafu abane midomo kama anayepiga mluzi, aitoe hewa taratibu, kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta. Asishinde kitandani. Atembee kidogo kila siku, apumzike, kisha aendelee. Akipewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, aombe aonyeshwe namna ya kuivuta. Wengi huipulizia ulimini tu, isifike kifuani.

Lakini mgonjwa akishindwa kusema maneno machache bila kuhema, au midomo yake ikibadilika rangi, au akikohoa damu, mpelekeni hospitali siku ile ile. Msingoje kesho.

Ndugu wanakisomo, mapafu yaliyokwisha haribika hayawi mapya tena. Lakini moshi ukipungua, ugonjwa hauendi mbio. Na mtoto wa leo huenda asiugue kesho. Kutoboa dirisha la jiko ni kazi ya siku moja. Akina baba, kazi hiyo ni yenu. Ianzeni wiki hii.