Marubani wa Kindu Warejeshwa Kwao



Asimamaye Cyangugu, penye daraja la mto Rusizi, huuona mji wa Bukavu ng'ambo ya pili, karibu kiasi cha kusikia malori yakipanda kilima. Mwaka 1961 Bukavu ulikuwa makao makuu ya Jimbo la Kivu, na jimbo hilo lilienea magharibi hadi Kindu, mji wa bandari na reli kando ya mto Lualaba. Huko Kindu ndiko walikouawa askari 13 wa anga wa Italia, ambao miili yao ilichukua miezi minne kufika kwao.

Tarehe 11 Novemba 1961, ndege mbili za mizigo aina ya C-119, za kikosi cha 46 chenye kituo chake mjini Pisa, zilitua Kindu. Zilipeleka mahitaji kwa askari wa Malaya waliokuwa wakilinda kiwanja cha ndege chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Mkuu wa msafara alikuwa Meja Amedeo Parmeggiani. Ndege ya pili ilikuwa chini ya Kapteni Giorgio Gonelli. Alikuwamo pia daktari mmoja. Watu hao hawakuja kupigana. Walikwenda kula chakula cha mchana katika bwalo la Wamalaya, na huko wakavamiwa na askari wa Kongo waliokwisha kuasi, wakapigwa, wakachukuliwa, wakauawa.

Kosa lao lilikuwa nini? Walidhaniwa kuwa Wabelgiji, au mamluki wa Tshombe wa Katanga.

Yafaa ikumbukwe kwamba dhana hiyo haikuzuka bure, na Cyangugu ni shahidi. Rwanda ilipokuwa bado mikononi mwa Ubelgiji, askari wa Mobutu walishushwa kwa ndege Usumbura, wakasafirishwa hadi Shangugu, kama jina lilivyoandikwa siku hizo, na tarehe 1 Januari 1961 wakavuka kuishambulia Bukavu. Shambulio lilishindwa, na Umoja wa Mataifa ukailaumu Ubelgiji, lakini hofu haikuondoka. Hata kabla ya hapo, Desemba 1960, waganga wa Austria waliokuja kutibu wagonjwa walikamatwa Bukavu kwa shaka hiyo hiyo, na askari wa Nigeria wakalazimika kupigana ili kuwaokoa. Mnigeria mmoja alipoteza maisha yake katika kazi hiyo. Jina lake ni nadra kutajwa pande hizi.

Kueleza chanzo cha hofu si kuwatakasa wauaji. Waitalia wale walivaa sare zao, na ndege zao zilikuwa na alama za Umoja wa Mataifa. Mtu mwenye bunduki aliyetaka kujua ukweli angeuliza, naye angejibiwa.

Habari za mwanzo zilizoenea duniani zilisema kwamba miili ilitupwa mtoni. Kwa familia zilizokuwa zikisubiri, neno hilo lilikuwa kifo cha pili, maana aliyechukuliwa na maji hana kaburi. Haikuwa hivyo. Mwezi Februari 1962 miili ilipatikana Tokolote, kijiji kidogo kandokando ya Lualaba, mpakani mwa msitu. Ilikuwa imefukiwa katika mashimo mawili, ndani ya makaburi ya kijiji. Hilo si jambo dogo. Katika siku zile za ghasia, wageni waliodhaniwa kuwa adui walilazwa mahali ambapo wanakijiji waliwalaza wazee wao.

Tarehe 11 Machi 1962 majeneza 13 yalifika Pisa, katika kiwanja kile kile kilicho makao ya kikosi chao. Hapo hapo wananchi wa Italia walichanga fedha, ikajengwa nyumba ya kumbukumbu, na ndimo walimolazwa. Nishani ya dhahabu ya ushujaa walikuja kupewa mwaka 1994, miaka 33 baada ya kufa. Serikali nazo zina mwendo wake.

Wapo watakaouliza: na Wakongo waliokufa miaka ile ile, katika Kivu, Kasai na Katanga, nani aliwahesabu? Swali hilo ni la haki, na halipunguzi heshima ya wale 13. Wengi wa Wakongo hao hawakupata jeneza, wala ndege ya kuwarudisha, wala ukuta wa kuandikwa majina. Jamaa zao wangali wapo, Bukavu, Uvira na Kindu, na wengine wamevuka Rusizi na kufanya makazi Cyangugu.