Soketi Inapopata Moto, Breka Haitakuokoa

Haya ni maneno ya hotuba ya afisa wa zima moto wa kaunti katika baraza la wakazi.



Mpangaji anachomeka birika asubuhi. Akichomoa plagi, miguu yake ina moto na soketi imegeuka rangi. Anamweleza mwenye nyumba, anajibiwa, "Si bado inafanya kazi?" Jioni anachomeka tena, na kitanda cha mtoto kimeegemea ukuta huo huo.

Mara nyingi ugonjwa wa soketi kama hiyo ni skrubu iliyolegea. Waya usiposhikwa vizuri, stima hupita kwa shida na kiungo hupata moto. Moto huo hulegeza skrubu zaidi. Wengi wanategemea breka ikate. Haikati! Breka na fyuzi hukata stima inapopita kiasi, na hapa inayopita ni ile ile ya kawaida. Soketi inaweza kuteketea huku breka imetulia tu.

Kwanza, zima swichi kuu kabla ya kuchomoa plagi. Usitegemee ile ya soketi: mara nyingi hukata waya mmoja tu, na ikiwa fundi aliunganisha nyaya kinyume, waya wa moto unabaki na stima. Soketi hiyo isitumiwe tena. Kisha jaribu birika kwenye soketi nyingine nzima, kwa muda mfupi. Plagi ikipata moto huko pia, huenda kasoro iko kwenye plagi yenyewe. Ikibaki baridi, kasoro iko ukutani, na ukutani si mahali pa kujaribu bahati kwa bisibisi. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, kama Sheria ya Kawi ya 2019 inavyotaka. Mwombe aonyeshe leseni kabla hajafungua kitu, na apime pia waya wa ardhi.

Kuna wanaofunga fyuzi iliyoungua kwa karatasi ya pakiti ya sigara. Karatasi hiyo haikati stima kwa wakati. Waya huungua kwanza.

Tuongeze hesabu ya ekstensheni. Soketi zetu ni za ampea 13, na kwa volti 240 hizo ni wati 3,120. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja tayari zimepita. Zipokezane.

Kenya Power hushughulikia hitilafu hadi kwenye meta, kwa nambari 97771. Kutoka meta kuingia ndani ni jukumu la mwenye nyumba, hata aseme soketi bado inafanya kazi.

Ukisikia harufu ya plastiki au kuona cheche, zima swichi kuu. Ikishika moto, usimwage maji kwenye stima. Toa watoto nje, kisha piga 999 au 112.