Vita Vilivyovuka Mutukula: Ubishi Wangu na Rafiki



Nina rafiki ambaye nimebishana naye kwa zaidi ya miaka 20 juu ya jambo moja. Yumo humu ukumbini, na nimemwomba ruhusa kabla ya kuyasema haya. Baba yake alikuwa mgambo. Aliondoka kijijini kwao, Bukoba Vijijini, mwishoni mwa mwaka 1978, akavuka mpaka na jeshi letu kuingia Uganda, akafa Machi 1979 katika mapigano ya Lukaya, kwenye barabara itokayo Masaka kwenda Kampala. Amezikwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa. Mimi nilikulia Dar es Salaam, na katika ukoo wetu hakuna aliyefia vitani. Mimi ndiye ninayesema tulifanya sawa kwenda hadi Kampala. Yeye anasema hapana.

Kuhusu Kagera yenyewe hatujawahi kubishana. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliingia, yakaua wanavijiji, yakaswaga ng'ombe, yakapora kiwanda cha sukari. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, ni mali ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa alitaja sababu, uwezo na nia, na maneno hayo matatu yangali midomoni mwa watu hadi leo. Nduli Amin alipaswa kutolewa, akatolewa. Ubishi wetu unaanzia Mutukula, mpakani upande wa Uganda.

Mutukula tuliitwaa Januari 1979. Rafiki yangu huuliza: ardhi ilikuwa imerudi, kwa nini hatukuishia pale? Jibu langu la kwanza ni la kiusalama. Palipo na mwinuko juu ya bonde la Kagera, mwenye mzinga ndiye mwenye bonde. Mwaka 1972 ndege za Amin zilipiga mabomu Bukoba na Mwanza. Mwaka huohuo yakasainiwa makubaliano ya Mogadishu ya kusitisha uhasama, na miaka sita baadaye tukavamiwa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka tupatanishwe, haukumkemea mvamizi. Jirani wa namna hiyo huwezi kumsukuma hadi mlangoni pake, ukarudi kulala.

Hata hivyo, lazima niseme kweli: hoja hiyo inanifikisha Masaka tu, haiendi zaidi. Na Masaka kwenyewe si pa kujivunia. Mizinga na baruti zetu ziliuacha mji ule magofu, kulipiza kisasi cha Kagera, na waliokuwa na nyumba pale hawakuwa Idi Amin. Huko nyuma nilikuwa nikiipita sura hii haraka. Rafiki yangu hakuniacha niipite.

Kutoka Masaka kwenda Kampala kunahitaji sababu nyingine, nayo kwangu ni wananchi wa Uganda. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani mwaka 1972, hakurudi. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977. Hao wana majina. Maelfu kwa maelfu hawana. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, katika vyumba vya chini vya makao ya usalama wa Amin pale Nakasero zilikutwa maiti za watu waliouawa siku zilezile. Kwa miaka minane Afrika iliiheshimu kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na kwa miaka hiyo minane vyumba vile vilifanya kazi. Katika mkutano wa Monrovia, Julai 1979, Tanzania ilikosolewa kwa kuikiuka kanuni hiyo. Mimi nasema kama kuna siku ambayo kanuni ilistahili kukiukwa, ni siku ile.

Rafiki yangu hunijibu kwa sabuni.

Baada ya vita tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mikanda ikabaki. Inakadiriwa vita vilitugharimu dola milioni 500, na nchi yetu ilikuwa maskini. Mimi nilikuwa nikimkumbusha kwamba bei ya mafuta nayo ilipanda mwaka uleule, kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, kwamba bei ya kahawa ilishuka. Yote ni kweli. Siku moja akanikatiza. "Mama alifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni," akasema, "na shati alilokuwa akifua lilikuwa la marehemu." Kisha akaniuliza baba yake alikufa ili nani atawale. Yusufu Lule, siku 68? Godfrey Binaisa, asiyemaliza mwaka? Au Milton Obote, aliyerudi kwa uchaguzi wa Desemba 1980 ambao wapinzani wake waliukataa, kukafuata vita vya msituni na mifupa ya waliouawa Luweero?

Nilikuwa na jibu, kwamba dhambi ya Luweero ni ya walioitenda. Bado naliamini. Lakini serikali mpya ya Uganda tulisaidia kuiunda Moshi kwa siku tatu tu za Machi 1979, na askari wetu walikuwa bado Uganda kura zile zilipopigwa. Hatuwezi kusema hatukuwapo.

Tulikwenda Kaboya pamoja. Alisimama mbele ya kaburi, akatoa leso, akafuta vumbi kwenye herufi za jina, taratibu, herufi moja baada ya nyingine. Kisha akatoa mfukoni buni za kutafuna, kama wafanyavyo kwao wakimkaribisha mgeni, akanipa chache, akabaki na zake. Hatukubishana siku ile.

Ni katika safari ya kurudi ndipo nilipong'amua kwamba kwa miaka yote nimekuwa nikijibu swali ambalo hakuuliza. Mimi nilithibitisha kwamba vita vilikuwa vya haki. Yeye aliuliza kama vilistahili. Haki naweza kuitafuta maktabani, kwa mikataba na tarehe. Kustahili kuna mlipaji, na mlipaji ndiye mwenye kauli ya kwanza. Mjane yule hakuna aliyekwenda kumweleza mume wake alikufa vipi, wala kwa nini mbali kiasi kile na nyumbani. Aliambiwa ni shujaa, basi.

Msimamo wangu sijaubadili: Kampala ilikuwa haki. Nilichobadili ni mahali pa kuanzia. Mgambo aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa ni mzee, na wengi wameshatangulia. Wanafunzi wa historia mlio hapa, mkienda likizo Kagera, Mara, Tabora, Ruvuma, kokote kwenu, waulizeni wazee waliovuka Mutukula, na wajane wa wasiorudi. Ulizeni walilipa nini, na kama kilistahili. Andikeni wanavyosema, hata kama wanasema mimi nimekosea.