Maneno ya Mwenyekiti: Nilivyoacha Kazi ya Kiwandani



Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Risala katibu ameshasoma, mahesabu mmeyasikia kwa mweka hazina, sitayarudia. Elimu yangu ni ya darasa la saba, hotuba ndefu sina. Ila wapo wenzetu wanne humu wanaotaka kuacha ajira wajiajiri, na kila mmoja amenijia kwa wakati wake kuniuliza. Leo nawajibu wote pamoja.

Mimi nilikuwa mshonaji kiwandani miaka kumi na mmoja. Kule kila mtu ana kipande chake, changu kilikuwa kola. Kola tu, asubuhi mpaka jioni. Idadi ya kila saa imeandikwa ubaoni, ukipungukiwa unasimamishwa mbele za watu. Kwenda chooni unaomba kadi, na kadi ni mbili kwa mstari mzima. Usiku nikilala nasikia cherehani zinalia. Presha ikapanda. Desemba 2018 nikapewa barua ya onyo kwa kwenda kumzika shangazi yangu. Niliirudisha mezani pamoja na kitambulisho cha kazi, nikatoka. Mwezi ule ule ndipo vilipotoka vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000. Nilipopata changu nikakivaa shingoni kama mtu aliyepewa cheo!

Sasa hapo mnisikilize vizuri. Kuacha sikukosea, nilikosea namna ya kuacha. Sikutoa notisi, na sheria inataka siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, kwa hiyo hata kile kidogo nilichokuwa nadai kikakatwa. Akiba sina, nina cherehani moja ya miguu. Nikakopa hapa shilingi 600,000, mara tatu ya hisa zangu, nikanunua jora la kitambaa cha sare. Shule zilipofunguliwa Januari wazazi walijaa barazani, nikashona mpaka usiku wa manane. Sketi naiuza 9,000; kitambaa, zipu na uzi 5,000. Nikasema faida yangu 4,000. Kumbe ile elfu nne ndiyo chakula, ndiyo ada ya mtoto, ndiyo nauli ya kufuata kitambaa, ndiyo marejesho. Ikaisha, nikaingia kwenye ile elfu tano nikaezeka jiko.

Machi hakuna anayenunua sare. Nikakosa marejesho mara mbili. Mara ya tatu sikuja mkutanoni, nikatuma mtoto aseme naumwa. Siku hiyo wanachama walijadili kuichukua cherehani, maana ndiyo dhamana niliyoweka. Wadhamini wangu walikuwa wamekasirika, na haki walikuwa nayo, fedha ingekatwa kwenye hisa zao. Mama mmoja, yupo hapa, hapendi kutajwa, akauliza, "Mkichukua cherehani atalipa kwa kucha?" Basi nikaongezewa miezi mitatu na faini juu yake. Deni nililimaliza kwa kushona mapazia na kupunguza suruali za watu, kazi ambazo nilikuwa nazidharau.

Mweka hazina ndiye aliyenikalisha chini na daftari. Fedha ya kitambaa ikae peke yake, isiguswe. Mimi mshonaji nijilipe mshahara kila wiki, kiasi kile kile hata wateja wakijaa. Kinachobaki ni cha miezi mibaya. Hicho kilichobaki ndicho kilichonibeba Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Shule za msingi hazikufunguliwa mpaka mwisho wa Juni. Sare hakuna, nikanunua vitenge nikashona barakoa, na kikundini sikukosa hata rejesho moja.

Msidhani sasa nimepumzika. Presha bado ninayo na vidonge nameza, na wapo wateja wanaogonga mlango saa tatu usiku wanataka nguo ya kesho asubuhi. Lakini chooni naenda nikitaka. Mnacheka, ila wale wa kiwandani wananielewa.

Ninyi wanne, kaeni kazini kwanza. Biashara ianze jioni na siku za mapumziko, na mwezi wake mbaya muuone mkiwa bado na mshahara. Ulizeni mafao yenu kabla ya barua, siyo baada. NSSF mtu aliyejiajiri anaruhusiwa kuchangia kwa hiari, mimi nilichelewa kulijua. Na waambieni waume zenu mapema. Wangu aliniona nyumbani saa nne asubuhi akadhani nimefiwa tena.

Mwisho, kamati imependekeza mkopo wa kuanzia biashara uanze kurejeshwa mwezi wa tatu badala ya wa kwanza. Najua baadhi yenu hamtaki, mnasema fedha italala nje ya sanduku. Mimi naunga mkono, na sababu mmeisikia. Kura ni Jumamosi, saa kumi kamili, anayechelewa faini kama kawaida.

Pilau iko tayari.