Joto Tunalolilipia Kisha Tunalitupa

(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wasimamizi wa viwanda na mafundi wa boila)



Kila tukikutana malalamiko ni yaleyale: bili ya stima imepanda, mafuta ni ghali, kuni zinatoka mbali. Leo naomba tuanze na swali jingine. Joto ambalo tayari mmelilipia linakwenda wapi?

Tutazame hapa nyumbani Kilifi. Kituo cha umeme cha Rabai, chenye uwezo wa megawati 90, huchoma mafuta mazito katika injini kubwa. Injini ya aina hiyo hugeuza chini ya nusu ya nishati ya mafuta kuwa umeme. Sehemu kubwa ya inayobaki hutoka na moshi pamoja na maji ya kupozea. Pale Rabai, moshi hupitishwa kwanza kwenye boila, maji yakachemka, na mvuke wake ukazungusha mtambo mwingine wa umeme. Huo ni umeme wa ziada kutoka kwa mafuta yaleyale.

Mtaniambia, "Bwana Afisa, sisi si Rabai." Ni kweli. Kwa kiwanda kidogo, kuzalisha umeme kwa moshi huenda kusilipe. Kupasha maji ya boila ndiko hulipa haraka. Kwa kila nyuzi 6 za joto mnazoongeza kwenye maji yanayoingia, mkitumia joto lililokuwa likipotea, mafuta hupungua kwa takriban asilimia 1. Maji yakiingia na nyuzi 90 badala ya 30, mmeokoa karibu gari moja la kuni katika kila magari kumi.

Pa kuanzia ni karibu. Rudisheni kwenye boila maji moto yanayotokana na mvuke uliokwisha kutumika, badala ya kuyamwaga mtaroni. Fungeni mabomba yaliyo wazi kwa vizuia joto. Kisha ndipo mfikirie kifaa cha kunasa joto kwenye bomba la moshi. Hapo muwe waangalifu: moshi wa mafuta yenye salfa ukipozwa kupita kiasi hutoa asidi, nayo hula chuma.

Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 ziliwataka wanaotumia kuanzia uniti 180,000 kwa mwaka wafanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Ripoti hiyo isiachwe kabatini ikashika vumbi. Isomeni pamoja na fundi wa boila, kwa sababu yeye ndiye anayesimama kando ya joto hilo kutwa, na mara nyingi hakuna anayemuuliza.

Mtungi uliotoboka haujai kwa kuongezewa maji. Tuzibe kwanza.