Warusi na Hati ya Nansen

Msikilizaji, Warusi waliokimbilia Georgia na Kazakhstan baada ya Rais Vladimir Putin kuwaita vitani askari wa akiba, Septemba 2022, walifuata njia ya wazee wao. Baada ya mapinduzi ya 1917, watu wapatao milioni moja au zaidi walitawanyika Istanbul, Berlin, Paris, hata Harbin kule China. Desemba 1921 serikali ya Lenin ikawavua wengi wao uraia. Huna nchi, huna cheti, na kila mpaka unadai karatasi!

Mwaka 1922 Fridtjof Nansen wa Norway, kamishna wa wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa, akaanzisha hati ya kusafiria kwa ajili yao. Haikumpa mtu uraia, wala haikuilazimisha nchi yoyote kumpokea. Lakini ilimtambulisha mbele ya ofisa wa mpakani, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Mwandishi Vladimir Nabokov aliibeba.

Leo wapo waliopinga vita vya Ukraine ambao pasipoti zao zinakaribia kuisha, nao wanaogopa kukanyaga ubalozi wao. Nchi zinazowahifadhi ziwape hati za kusafiria. Zama za Nansen, nchi zaidi ya 50 ziliitambua hati yake.