Viongozi wa Kujitolea na Vitabu vya Watoto Wetu

(Haya ni maneno ya Katibu wa tawi anayemaliza muda wake, aliyowaambia wanachama katika mkutano mkuu wa tawi, Changamwe, Mombasa.)



Najua wengine wenu mmetoka zamu ya usiku na hamjalala, na wengine mtaingia kazini saa nane. Kwa hivyo sitawachosha. Nina mambo mawili tu. La kwanza ni uchaguzi wa viongozi wa tawi, watu watakaotumika kwa kujitolea bila mshahara. La pili ni kuchagua shule tutakayoipa vitabu na fedha tulizochanga kwa ajili ya maktaba. Yanaonekana ni mawili, lakini mkinisikiliza mtaona ni jambo moja.

Naanza na uchaguzi. Yafaa tukumbuke kwamba haki hii ya kuchagua haikuokotwa njiani. Mwaka 1935, wakati chama cha Labour Trade Union of Kenya kilipoundwa Nairobi, Makhan Singh, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha chapa cha baba yake, alichaguliwa kuwa katibu. Baadaye serikali ya kikoloni ilimfunga kizuizini tangu 1950 hadi 1961. Hapa kwetu Mombasa, Januari 1947, wafanyakazi wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani waligoma kwa muda wa siku kumi na mbili hivi, wakikutana katika uwanja wa Kiembeni kusikilizana. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwaka ule ule akapelekwa Kabarnet, mbali na watu wake. Watu hao hawakuingia katika uongozi kwa kutafuta kiti cha kukalia.

Siku hizi tunalindwa na Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 41 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki katika shughuli zake. Tunayo pia sheria ya uhusiano kazini ya mwaka 2007, inayotaka uchaguzi wetu ufuate katiba ya chama, na matokeo yapelekwe kwa Msajili wa Vyama katika siku 14. Lakini sheria haiwezi kutuchagulia mtu mwema. Sheria hulinda sanduku la kura, na karatasi inayoingia ndani ya sanduku ni juu yetu wenyewe.

Sasa, kazi yenyewe ni nini? Wengine hudhani kiongozi wa tawi ni mtu wa kukaa mbele na kupigwa picha. Mimi nimekuwa Katibu, na nitawaeleza nilichokiona. Mwenzako akipewa barua ya onyo saa kumi jioni, anakuja kwako usiku. Kesho yake ana kikao cha nidhamu, nawe umtafutie maneno na umtafutie kifungu katika mapatano yetu na mwajiri. Akiumia mkono katika mashine, wewe ndiwe wa kuhakikisha kwamba habari imeandikwa na karatasi zimefika kwa afisa wa leba. Akifiwa, wewe ndiwe wa kupitisha daftari la mchango. Nauli ni yako na usingizi unaopotea ni wako. Na mke wako, au mume wako, atakuuliza chama kinakulipa nini, nawe utanyamaza.

Kwa hivyo usimpe kura mtu kwa sababu ni wa kwenu bara au ni wa kwenu pwani. Usimpe kura kwa sababu alinunua soda juzi. Anayenunua kura leo atataka kuirudisha fedha yake kesho, na mfuko ulio karibu naye ni wa chama. Jiulize maneno haya: Je, huyu huja mikutanoni hata wakati ambapo hakuna kura? Je, alipopewa kazi ndogo, aliimaliza? Je, anaweza kumwambia meneja jambo gumu bila matusi, na kutuambia sisi jambo gumu bila woga? Je, huandika?

Neno hili la kuandika nataka nilieleze kwa kosa langu mwenyewe. Tulipoanza mchango wa vitabu, tulikubaliana kila mtu atume alichonacho. Fedha zikapita katika simu yangu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Hakuna aliyekataa, na mimi sikuona ubaya. Siku moja asubuhi simu ile ikapotea ndani ya matatu ya Magongo. Fedha hazikupotea. Laini ilirudishwa, na hesabu ikasomwa mbele ya halmashauri ikatimia. Lakini kwa siku zile kabla ya hesabu kusomwa, niliingia kantini watu wakanyamaza. Mtu niliyekula naye miaka mingi alichukua sahani yake akahamia meza nyingine.

Nilikasirika sana. Nikasema moyoni, hawa wanaweza kunidhania mimi mwizi? Baadaye nikaona kosa halikuwa lao. Nilikuwa nimewaomba waniamini bila kuwapa kitu cha kuangalia. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba hata mali isiyoisha, bila daftari, humchafulia mtu jina. Tangu siku ile fedha ziko katika akaunti ya benki yenye sahihi tatu, na orodha ya waliochanga imebandikwa ubaoni karibu na lango. Ombi langu kwa mtakayemchagua kuwa Mweka Hazina ni kwamba asiikubali hata shilingi moja kukaa katika mfuko wake, hata kama ninyi wenyewe mnamwambia ni sawa. Nanyi msimwambie.

Sasa nakuja kwa jambo la pili, maktaba.

Mnajua kwa nini tulianza mchango huu. Maktaba ya McMillan kule Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mfanyakazi Mwafrika aliyepita mbele ya nguzo zake hakuwa na ruhusa ya kusoma humo. Mlango ule ulifunguliwa zamani kwa watu wote, lakini kuna watoto wetu wengi ambao mpaka leo hawana mahali pa kuazima kitabu cha hadithi. Viongozi wa kwanza wa vyama walilijua jambo hili. Tom Mboya, aliyekuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji kabla ya kuwa mkuu wa vyama vya wafanyakazi, alikuwa mmoja wa waliotayarisha ndege ya mwaka 1959 iliyowapeleka wanafunzi 81 kusoma Marekani. Naye Shaaban Robert, mshairi mkubwa wa lugha yetu kule Tanganyika, alikuwa karani wa forodha miaka mingi. Kwa hivyo mtu asituambie kwamba vitabu si kazi ya wafanyakazi.

Lakini kutoa vitabu si kuvitupa. Zamani kidogo tawi letu lilipeleka maboksi manne katika shule moja, jina lake sitalitaja. Tulikaribishwa kwa nyimbo, tukatoa hotuba, tukapiga picha, tukaondoka. Baada ya mwaka mmoja na zaidi nilipita njia ile nikaingia kusalimia. Maboksi yalikuwa stoo, chini ya magunia, yamefungwa kwa kamba zile zile tulizozifunga sisi. Nilipoinua la chini, mchwa walikuwa wamekula mpaka katikati. Hakuna mtoto aliyekuwa amefungua hata kimoja. Shule ilikosa, lakini sisi pia tulikosa, maana hatukuuliza nani atashika ufunguo, wala hatukurudi.

Safari hii tuliwatuma wajumbe watatu wakaone kabla ya kutoa. Waliyoyaona ni haya.

Shule ya kwanza iko mbali, karibu na nyumbani kwa mmoja wa wakubwa wetu wa tawi. Ina shida kubwa, na watoto wake wanastahili msaada. Lakini chumba walichoonyeshwa hakina mlango, na hakuna mwalimu aliyesema, nitavitunza mimi. Tena ni safari ya siku nzima, na ni vigumu kwetu kurudi kukagua.

Shule ya pili iko mjini. Ina maktaba nzuri yenye makabati ya vioo. Mwalimu mkuu aliwapokea kwa heshima. Lakini makabati yalikuwa yamefungwa, na mwanafunzi mmoja alipoulizwa alisema huingia humo siku ya wageni.

Shule ya tatu iko karibu na kazini, na watoto wengi wa wanachama wanasoma huko. Haina chumba cha maktaba. Ina kabati moja la mbao nyuma ya darasa, limewekwa juu ya matofali na kusogezwa mbali na ukuta ili mchwa na unyevu visiingie. Ndani mna vitabu vichache vilivyochakaa. Lakini kuna mwalimu mmoja mwanamke mwenye daftari, na katika daftari hilo imeandikwa jina la mtoto, jina la kitabu, siku ya kuchukua na siku ya kurudisha. Kurasa zimejaa.

Ndugu zangu, mimi sitawaambia mpigie ipi, na nitawaambia sababu. Mjukuu wangu anasoma katika shule ile ya tatu. Kwa hivyo katika jambo hili mimi sitapiga kura. Naomba na yule mkubwa wetu, ambaye namheshimu, afanye vivyo hivyo kwa ile ya kwanza. Ninyi mmesikia, amueni ninyi.

Shule yoyote mtakayoichagua, nawaomba mshike masharti manne. Kwanza, zawadi ipokelewe na Bodi ya Usimamizi kwa barua, na orodha ya vitabu itiwe sahihi na pande mbili. Pili, tusipeleke vitabu vya kufanyia mazoezi ya mtihani wa zamani wa darasa la nane. Mtihani ule ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na kumpa mtoto vitabu hivyo ni kumpa takataka zetu. Tupeleke hadithi, kamusi na atlasi, na vya Kiswahili visiwe vichache. Tatu, sehemu ya fedha inunue rafu na kufuli, maana kitabu bila rafu ni chakula cha mchwa. Nne, wajumbe wawili wa tawi waende kila muhula kuangalia daftari la kuazima, kisha watuletee habari hapa.

Sasa mnaona kwa nini nilisema ni jambo moja. Tunapochagua shule tusitazame vioo vya kabati, tutazame daftari. Na tunapomchagua kiongozi tusitazame sauti yake wala suti yake, tutazame kazi aliyoiandika na kuimaliza. Na tukishamchagua tusimwache peke yake kama tulivyoyaacha yale maboksi. Tuhudhurie mikutano, tuulize hesabu kwa adabu, tumsaidie nauli anapotutumikia.

Mimi naweka kalamu chini leo. Atakayeichukua nitamkabidhi madaftari yote, funguo mbili na muhuri. Kama nilimkosea mtu kwa neno au kwa tendo, naomba radhi. Na ndugu yule aliyehamisha sahani yake, namwambia mbele yenu kwamba alikuwa na haki ya kuuliza, na meza yangu bado ina nafasi.

Umoja ni nguvu.